Kimea si hamira, wala si pombe

Mhariri,

Kwa miaka mingi nimelisoma gazeti lenu bila kuwaandikia, hata mlipoyakosea majina ya mitaa yetu. Lakini ile ripoti ya vinywaji vya shayiri visivyolevya imenimaliza subira. Eti ladha ya kimea ni ladha ya hamira, ndiyo sababu vinanukia pombe!

Kimea kinatokana na kumea. Ni nafaka iliyoroweshwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa kabla mche haujaumaliza wanga. Shayiri, wimbi, hata mtama hufanywa kimea. Punje inapoota hutoa vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari, ndiyo maana ukiitafuna ni tamu. Hamira ni vijidudu vya jamii ya kuvu vinavyoila sukari na kutoa gesi na kileo. Bila kuchachushwa hapana pombe. Na ile ladha ambayo waonjaji huiita ya biskuti huletwa na moto: sukari na protini zikipata joto kavu hugeuka rangi na kutoa harufu, jambo alilolieleza Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Neno biskuti lenyewe lina asili ya Kilatini, maana yake kilichookwa mara mbili. Haya yote mwandishi wenu angeyapata kwa kuuliza.

Mnajua mmeharibu nini? Mkaza mwana wa jirani yangu hapa Langoni amenirudishia kopo la unga wa kimea cha wimbi nililomwandalia mwanawe anayeanza kula. "Bi mkubwa, niwie radhi," akaniambia, "gazeti limesema hiki ni cha pombe, nami simlishi mwanangu haramu." Mtoto mwenyewe mwembamba, uji mzito haumpiti, na ukiongezwa maji anashiba maji. Kijiko kimoja cha kimea katika uji mzito ulioiva na kupoa kidogo huulegeza ukanyweka bila kuongezwa maji, kisha unachemshwa tena. Wataalamu wa lishe Tanzania walikuwa wakilihimiza jambo hili tangu miaka ya 1980. Tena kimea cha kazi hiyo hukaushwa kwa jua tu, kwa sababu moto mkali huua vile vimeng'enya. Hata hiyo harufu ya biskuti hakina! Nilimweleza yote, akanisikiliza kwa adabu, akaliacha kopo mezani akaenda zake. Mimi ni nani mbele ya gazeti?

Na mkitaka la kuandika, andikeni juu ya mikate ya kahawia inayouzwa ghali kama ya ngano nzima, kumbe mingine ni unga mweupe uliotiwa rangi ya sukari iliyounguzwa. Orodha ya viungo imechapishwa kwa herufi ambazo miwani yangu haizifikii. Hilo hamlioni.

Mleteni mwandishi wenu Lamu. Nitampa kibaba cha wimbi na kitambaa chepesi. Aroweke usiku, amwage maji asubuhi, afunike kwa kitambaa kibichi mpaka vichipukizi vitoke, aanike juani, apukuse vijizizi. Nusu asage hivyo hivyo, nusu akaange kwanza. Aonje zote mbili. Kisha aandike masahihisho katika ukurasa uleule wa ripoti, kwa herufi za ukubwa uleule, na yatoke kabla mtoto yule hajazidi kukonda.

Mama wa Langoni,
Lamu