Mjomba, shamba la Muheza lisiuzwe

Mjomba, shikamoo.

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Umesema mnunuzi wa shamba la machungwa keshatoa kishika uchumba, na wakala ameahidi kumfikisha mdogo wangu Uingereza kabla ya msimu, aje afanye kazi kama yangu. "Si kukaa na wazee tu na kuwapelekea chai," ukacheka. Sikukujibu palepale kwa sababu ningejibu kwa hasira, na wewe ndiye uliyenilipia ada ya sekondari. Nakujibu hapa hadharani maana shamba linalonadiwa kwa habari hizi si lako peke yako.

Nianze na la wakala, ni fupi. Tangu tarehe 22 Julai 2025 serikali ya huku imefunga viza mpya za watunza wazee kwa wanaoomba wakiwa nje ya nchi. Anayekuambia nafasi anayo, analitamani shamba lako. Hata kabla ya hapo, kuanzia 11 Machi 2024, mtunzaji mpya alikatazwa kuja na mwenzi wake au watoto. Na ile karatasi ya udhamini anayokuonyesha kwenye simu hutolewa na mwajiri mwenye leseni, haichuuzwi. Nimeishi na dada mmoja aliyelipa mamilioni, akafika akakuta kazi ya siku mbili kwa wiki. Kisha mwajiri akanyang'anywa leseni, naye akaletewa barua: siku 60 apate mdhamini mwingine au aondoke. Tulizihesabu pamoja jikoni kama watu wa Ramadhani, ila mwisho wake hapakuwa na Idi.

Sasa hilo la "kukaa".

Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa mbili usiku. Wa zamu ya usiku wanatukabidhi: nani hakulala, nani kaanguka, nani kakataa maji. Halafu ni kuamsha, kuosha, kuvisha. Kumwosha mtu mzima kunataka adabu, mjomba. Unamfunika, unafunua pale unapoosha tu, na kila unalotaka kufanya unamwambia kwanza, hata kama hajatamka neno tangu Krismasi. Unamshikia mashati mawili achague. Ukimgeuza unatazama makalio na visigino. Ukikuta wekundu unaubonyeza kwa kidole, na usipofifia, hicho ni kidonda kinabisha hodi, uripoti na uandike. Asiyeweza kujigeuza tunamgeuza, wengine kila baada ya saa mbili. Asiyesimama hunyanyuliwa kwa mashine yenye kombeo la kitambaa, na lazima muwe wawili. Siku mwenzio asipotokea, kila mtu anachelewa na kila mtu anakulaumu wewe. Mwenye shida ya kumeza, kinywaji chake kinatiwa unga maalumu kiwe kizito, la sivyo chai inakwenda mapafuni. Ndiyo chai hiyohiyo uliyosema nalipwa kwa kuwapelekea.

Yuko mzee mmoja, alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Huku Yorkshire mgodi wa mwisho wa chini kwa chini, Kellingley, ulifungwa Desemba 2015. Kwake haujafungwa. Nikiwa zamu ya usiku, saa kumi alfajiri namkuta mlangoni, koti juu ya pajama, anatafuta kofia na taa, lifti ya kushuka itamwacha. Mara ya kwanza nilimwambia ukweli: mgodi hakuna, umestaafu. Akalia kama mtu aliyeachishwa kazi dakika ileile. Kesho yake akaja tena, nikaona kumbe nitakuwa namfukuza kazi kila alfajiri. Siku hizi namwambia lifti haijapanda bado, tukae kwanza. (Wapo wenzangu wanaosema huo ni uongo. Waseme.)

Tunakaa. Ananieleza jinsi nguzo za mbao zinavyolia kabla mwamba haujashuka, na kwa nini wazee wa mgodini waliziamini kuliko za chuma, zisizokuambia kitu. Mikononi ana alama za buluu, vumbi la makaa lililozibiwa ndani ya makovu. Nikimletea beseni anajisugua mwenyewe, anasugua mno, anasema bado haijatakata. Mkewe huja Jumapili. Humwita "bibie", na humwuliza kama ameolewa.

Mshahara? Kima cha chini kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na wengi wetu tulikuwa hapohapo au juu yake kidogo. Ukiigeuza shilingi inang'aa. Toa kodi ya chumba, umeme, nauli, na zile "dharura" za ukoo kila mwisho wa mwezi, uone kama inang'aa tena. Muda wa kula kwetu haulipwi. Na mgongo wangu umeshanipita umri.

Mrudishie mnunuzi pesa yake, mjomba. Mdogo wangu kama kweli ana moyo wa kuhudumia watu, asome uuguzi hapohapo Tanga, nami nitachangia ada. Nina deni lako la zamani.

Halafu nakuomba, ukipita shambani, unipigie picha ile michungwa ya karibu na kisima. Yule mzee aliniuliza chungwa linaonekanaje likiwa bado mtini. Nilitoa simu nimwonyeshe, nikapekua hadi picha za 2022, sikuona hata moja.