Barua ya wazi kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data: mama yangu hakuulizwa

Kwa Mheshimiwa Kamishna wa Ulinzi wa Data,
Nairobi.

Mheshimiwa Kamishna,

Pokea salamu zangu za heshima kutoka Likoni. Ningeweza kukuandikia miezi minne iliyopita, lakini niliona ni adabu kwanza kuzungumza na wale waliotukosea, nikiamini kwamba jambo hili lingemalizwa kimyakimya bila ya mimi kuianika hadharani stara ya mzazi wangu. Ijumaa iliyopita subira hiyo ilinikatika, na sababu yake nitaieleza.

Mama yangu ana umri wa miaka 71 na anaugua kisukari. Mapema mwaka huu alitokwa na kidonda pajani, mahali ambapo hata mimi binti yake sikuwa nimepata kupaona. Kumvusha kwa feri akiwa kwenye kiti cha magurudumu, katikati ya umati wa asubuhi unaoteremka kivukoni kama maji ya bamvua, ni safari ya nusu siku na maumivu ya siku mbili. Ndipo jamaa mmoja akatushauri tujaribu kliniki inayowaona wagonjwa kwa simu ya video. Jina la kliniki hiyo sitalitaja hapa, kwa kuwa limo katika malalamiko rasmi ninayoyawasilisha kwako pamoja na barua hii. Tulilipa, tukatumiwa kiungo, nikafunga mlango wa chumba na kushusha pazia. Mama akavua buibui akabaki na leso aliyonunuliwa na mjukuu wake siku ya Idi, ya rangi ya zambarau, yenye jina "Mama nipe radhi".

Daktari alikuwa mwanamke, na sauti yake ilikuwa ya upole. Alipomwomba mama ainue leso ili akione kidonda, mama alisita, akauliza, "Hapo ulipo pana wanaume, mwanangu?" Daktari akamjibu, "Niko peke yangu, mama." Mama akainua leso.

Lakini hawakuwa peke yao, Mheshimiwa. Mwanzoni kabisa mwa mazungumzo, sauti ya mashine ilikuwa imetamka sentensi moja fupi ya Kiingereza, na kidoa chekundu kikawaka kwenye pembe ya kioo cha simu, kidogo kama punje ya mtama. Mama, ambaye Kiingereza hakijui, aliniuliza yule mtu amesema nini. Mimi nilikuwa nikihangaika kuiegemeza simu kwenye mto isianguke, nikamjibu kwamba ni simu tu inajiunganisha. Jibu hilo limeniuma kila siku tangu hapo, na sitalikwepa. Hata hivyo nauliza: hivi ndivyo sheria yetu inavyotaka ridhaa itolewe, kwa sentensi inayopita sekunde mbili, kwa lugha asiyoijua mgonjwa, huku mtu mwingine akiwa ndiye anayeshika simu?

Kesho yake nilipokea barua pepe iliyonifahamisha kwamba rekodi yangu ya dakika 23 iko tayari. Nilibonyeza kiungo, kikafunguka bila nywila yoyote. Nikachukua simu ya dada yangu, nikaandika anwani ileile kwa mkono, herufi kwa herufi, ikafunguka vilevile. Yeyote ambaye angeipata anwani ile angemwona mama yangu kitandani mwake.

Niliiandikia kliniki siku hiyohiyo nikiomba rekodi ifutwe. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu, likisema kwamba mazungumzo huhifadhiwa kwa ajili ya kuboresha huduma, na kwamba nilibonyeza kukubali masharti. Nilirudi kuyatazama masharti hayo. Yote yalikuwa kwa Kiingereza, na kidole changu kiliyasukuma juu mara 31 kabla ya kufika mwisho. Ni kweli kwamba nilibonyeza. Nilibonyeza mimi, ili mama yangu apate daktari kabla ya kidonda kuoza, na hapakuwa na kitufe cha kumtaka daktari bila ya kuikubali kamera irekodi. Mama hakubonyeza kitu wala hakuulizwa kitu. Nilipoandika mara ya pili, waliniahidi kwa maandishi kwamba rekodi ingefutwa ndani ya siku 14. Nilishukuru, tena kwa moyo safi. Barua zangu mbili zilizofuata, za kuulizia kama ahadi imetimizwa, hazikujibiwa hadi leo.

Ijumaa iliyopita alinipigia simu mtoto wa dada yangu, ambaye anasomea uuguzi na yuko katika mafunzo ya kazini. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mamdogo, leo nimemwona bibi." Walikuwa wamekusanywa kwenye chumba cha mafunzo, wanafunzi wapatao ishirini, wakaonyeshwa ukutani namna ya kumhudumia mgonjwa kwa njia ya video. Uso wa mgonjwa ulikuwa umefunikwa kwa ukungu, na bila shaka aliyeufunika aliamini amemsitiri. Lakini sauti iliachwa. Kwenye pembe ya chini liliachwa jina langu, kwa sababu simu ilikuwa yangu. Na leso ile ya zambarau ilionekana yote, na kijana aliijua kabla ya kuisikia sauti, kwa kuwa aliinunua yeye kwa mikono yake. Alitoka nje ya chumba kabla leso haijainuliwa. Wenzake walibaki.

Sijui ni nani aliyeianzisha rekodi ile, na sitaki kumtwisha daktari mzigo usio wake. Nadhani hata yeye hakubonyeza chochote. Nadhani mitambo ilipangwa irekodi kila mgonjwa yenyewe, na aliyeipanga hakuwahi kukaa chumbani na mzee akimwuliza kama pana wanaume. Kama dhana yangu ni sahihi, basi ubaya wa jambo hili unazidi, kwa maana mama yangu si wa kwanza wala si wa mwisho.

Mheshimiwa Kamishna, wewe unaijua sheria kuliko mimi, na nakukumbusha kwa heshima tu. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutofichuliwa bila ya lazima habari za familia yake na mambo yake ya siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeziweka habari za afya katika fungu la data nyeti. Sheria hiyohiyo inasema ridhaa ni lazima iwe ya wazi, ya hiari na ya mtu aliyefahamishwa. Kwamba anayeikusanya data ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Na kwamba aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote. Kifungu cha 41 kinataka ulinzi wa data uwe umejengwa ndani ya mitambo tangu mwanzo, uwe ndio hali ya kawaida, pasiwe na haja ya mgonjwa kuutafuta. Nami nimejaribu kwa miezi minne kuliona neno hata moja la hayo likitekelezwa katika ile simu, nisilione.

Huenda mtu akasema kwamba kampuni zinazotengeneza programu hizi ni kubwa na zina wataalamu, basi tuwaachie. Tulikwisha kuwaachia, na matokeo yake yako wazi. Nitatoa mfano wa Zoom, si kwa sababu ndiyo tuliyotumia, maana siyo, bali kwa sababu mambo yake yalifikishwa mbele ya mamlaka za nchi yake. Mwaka 2020, dunia nzima ilipofungiwa majumbani, mamilioni ya watu waliikimbilia kwa shule, ibada, mazishi na matibabu. Aprili mwaka huo gazeti la Washington Post lilieleza kwamba maelfu ya rekodi za mazungumzo ya Zoom, yakiwemo ya watu na washauri wao wa afya ya akili, yalikuwa yakionekana wazi mtandaoni, kwa kuwa yalihifadhiwa bila nywila na kwa majina ya mtindo mmoja ulio rahisi kutafutwa. Novemba ya mwaka huohuo, Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliituhumu kampuni hiyo kwamba tangu angalau mwaka 2016 iliwaambia wateja kuwa mazungumzo yao yamefungwa kiasi kwamba wahusika tu ndio wenye ufunguo, hali kampuni yenyewe ilikuwa na funguo mkononi. Na kwamba baadhi ya rekodi zilizohifadhiwa kwake zilikaa hadi siku 60 bila kufungwa kwa njia hiyo ya siri. Kampuni ilikubali masharti mapya ya usalama, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola milioni 85 kuimaliza kesi ya watumiaji waliolalamikia faragha yao.

Wala mambo hayakuishia hapo. Agosti 2023 watumiaji waligundua kwamba masharti ya Zoom yaliyobadilishwa miezi kadhaa kabla yalisomeka kana kwamba mazungumzo yao yangeweza kutumiwa kuifundisha akili mnemba. Kelele zilipopanda, kampuni iliyaandika upya na kutamka kwamba sauti, video na maandishi ya wateja hayatatumika hivyo. Ninachokiona hapo ni kwamba yalibadilika kwa sababu watu walisoma na kulalamika. Mama yangu hawezi kuyasoma, na hata angeweza, asingejua amlalamikie nani. Siku hizi mazungumzo ya video huingia pia kisaidizi cha mashine, kinachosikiliza na kuandika muhtasari, nacho hujitambulisha kwa jina tu pembeni mwa kioo, kama mgeni aliyeketi barazani bila kubisha hodi. Kidonda cha mzee wetu kikishaandikwa na kisaidizi hicho, karatasi hiyo inakwenda wapi, inakaa katika nchi gani, na nani atamwambia mwenyewe kwamba ipo?

Nafahamu kwamba ofisi yako si ya kupewa lawama tu. Septemba 2023 tulisoma kwamba shule moja ya Uthiru ilitozwa Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi, na klabu moja ya starehe Sh1,850,000 kwa kuitumia picha ya mteja wake. Siku ile nilifurahi sana, nikawasomea wanafunzi wangu habari hiyo darasani, nikawaambia kwamba sasa Kenya ina mlango wa kubisha. Kama picha ya mteja aliyekaa kwenye klabu ilistahili hatua, naamini mwili wa mgonjwa aliyejifunua kwa daktari unastahili zaidi, na sioni sababu ya kungoja hadi rekodi ya mwingine ionyeshwe ukutani.

Ombi langu ni hili. Rekodi isianze mpaka anayerekodiwa aseme ndiyo, kwa lugha anayoifahamu. Kifungu cha 7 cha Katiba kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa moja ya lugha rasmi mbili. Basi hospitali, shule, benki au ofisi yoyote inayomwita Mkenya kwenye simu ya video haina udhuru wa kumwarifu kwa Kiingereza peke yake kwamba anarekodiwa. Akisema hapana, atibiwe vilevile. Akisema ndiyo leo na hapana kesho, rekodi ifutwe, na aonyeshwe kwamba imefutwa, asiambiwe tu. Una uwezo wa kutoa notisi ya utekelezaji, una uwezo wa kutoa mwongozo kwa nchi nzima, na hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji sheria mpya. Najua ninayarudia, lakini nilikwisha kuyasema mara nne kwa kliniki na sikusikilizwa: rekodi isianze mpaka anayerekodiwa aseme ndiyo.

Kuhusu mama, naomba mambo mawili tu: rekodi ile iondolewe kila mahali ilipo, pamoja na nakala zilizokatwa kwa ajili ya mafunzo, na kliniki imwandikie yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, kumweleza ni akina nani walioonyeshwa. Sheria imeweka siku 90 za kushughulikia malalamiko, nami nimezianza kuzihesabu leo. Fidia hatujaiomba. Nilipomwuliza mama anataka nini, alisema anataka kujua tu kama miongoni mwa waliomwona pana watu wa mtaani kwetu.

Kidonda chake kinaendelea kupona, alhamdulillahi, kwa kuwa sasa tunavuka feri kila Jumanne kwenda kukisafisha, na amesema heri maumivu ya safari. Ana mjukuu Doha ambaye humpigia simu ya video kila Jumapili alasiri, na hiyo ndiyo saa aliyokuwa akiisubiri wiki nzima. Jumapili hii simu ilipolia aliipokea, akailaza kifudifudi juu ya mkeka, akazungumza nayo hivyo hivyo mpaka mwisho, na mtoto kule Doha akawa anauliza, "Bibi, mbona sikuoni?"

Wako kwa heshima,

Mwalimu, na binti wa mgonjwa,
Likoni, Mombasa.