Siku Mteja Aliponipanda Kichwani

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza wa kuongoza wazamiaji hapa Nungwi. Tumeibuka upande wa kisiwa cha Mnemba, bahari ina viwimbi tu, boti haiko mbali. Mgeni mmoja, pande la mtu, akapigwa na maji usoni akapaliwa. Kufumba na kufumbua ameshatema regyuleta, kile kifaa cha kupumulia cha mdomoni, miwani kaisukuma kwenye paji la uso, macho yamemtoka, mikono inapiga maji kama mtu anayepanda ngazi. Nikamwendea mbele kwa mbele, kwa nia njema kabisa. Akanidaka shingo, akanipanda.

Nilikunywa maji ya kutosha siku ile. Nahodha wetu ndiye aliyetuokoa sote wawili kwa kumrushia boya.

Nilichokuwa sikijui ni kitu kidogo mno: ukishikwa hivyo, zama. Mtu anayehaha anataka juu, hakufuati chini. Akihisi unazama atakuachia mwenyewe. Hapo unapita chini yake, unaibukia mgongoni, unashika koki ya mtungi wake wa hewa, unaubana mtungi huo kwa magoti na kulijaza hewa jaketi lake la kuelea. Akishaelea, nusu ya hofu imeisha. Na kabla ya yote hayo ulitakiwa usimame mbali kidogo umpigie kelele: jaza jaketi! Angusha mkanda wa uzito! Wengine hutii, na kazi ikaishia hapo.

Nayasema haya kwa sababu kila msimu tunaulizwa swali lilelile kwenye duka letu la uzamiaji: "Mimi nina cheti cha ngazi ya pili cha kuzamia, nimezamia mara thelathini, kozi ya uokoaji ya nini? Sitaki kuwa mwalimu." Hatuisomeshi kwa ajili ya walimu. Mwenzako akipata shida mita 18 chini, aliye karibu naye ni wewe. Mwalimu huenda yuko mbele anamwonyesha mtu mwingine kasa.

Sehemu kubwa ya kozi, kwa kweli, inafanyika kwenye boti, kabla mtu hajalowa. Tunakufundisha kutazama watu. Yule aliyekuwa mcheshi tangu asubuhi, sasa kimya. Yule anayekaza mkanda wa miwani mara ya nne, au anayetafuta sababu ya kuvaa wa mwisho. Ukimwuliza atasema yuko sawa. Kaa naye, kagueni vifaa pamoja taratibu, na mwambie wazi kwamba kubaki botini si aibu. Ajali nyingi ukizifuata nyuma utakuta zilianza na jambo la namna hiyo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelisema.

Kisha kuna haraka ya kupanda juu. Ukiwa mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, kwa hiyo pumzi uliyoibana huko ikifika juu inataka nafasi maradufu ndani ya mapafu. Ndiyo maana mtu anayekimbilia juu tunamshika, tunamtazama machoni, tunamwonyesha kupumua, ndipo tunapanda naye polepole.

Zoezi linalowatoa watu jasho ni la mzamiaji aliyezimia. Unampandisha, unamgeuza chali, unampa pumzi moja kila sekunde tano huku unamvuta kuelekea botini na kumvua vifaa kimoja kimoja. Mikono inafungua vifungo, kichwa kinahesabu. Karibu kila mwanafunzi husahau kuhesabu kwenye kifungo cha pili. Tunarudia mpaka vidole vijue njia vyenyewe.

Botini tunafungua kasha la oksijeni na kila mtu analifunga na kulifungua mwenyewe. Viungo vikiuma, mkono ukifa ganzi au mtu akichoka kupita kiasi baada ya kuzamia, huenda ni ugonjwa wa wazamiaji; usikubali maneno ya "ni jua tu". Mpe oksijeni tupu, mpigieni daktari, na hata akisema amepona bado lazima aonwe.

Mwaka huu tunaifundisha kozi hii pia kwa Kiswahili. Manahodha na vijana wa boti wa hapa ndio wanaopokea mtu majini, na wengi wao waliwahi kukaa kwenye darasa linalofundishwa kwa Kiingereza wakitikisa kichwa tu. Siku ya huduma ya kwanza ni bure kwao, hata wa boti za jirani.

Tunapanga siku kwa maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo, maana mkondo wa bamvua si wa kujifunzia. Lete cheti cha ngazi ya pili na cha huduma ya kwanza kisichozidi miezi 24. Lete na fulana ya mikono mirefu, kwani kuburutana kunachubua. Anayeigiza mtu anayehaha ni mimi mwenyewe, kilo tisini na mbili, kwa hiyo usiku wa kuamkia siku ile lala mapema.