Damu ya Mzee na Buluu ya Usiku

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi, wewe na watoto. Picha za sebule na vipande vya kitambaa nimevipata. Unauliza kama rangi ya damu ya mzee na buluu iliyokoza zitakaa pamoja bila kugombana, sebuleni na kwenye harusi ya Zuhura. Zitakaa, ila usizipe nguvu sawa na usizigusanishe.

Kugombana kwenyewe kunatoka kwenye jicho. Mwanga wa buluu unapinda zaidi ukipita ndani ya jicho kuliko mwekundu, kwa hiyo huwezi kuzilenga zote mbili barabara kwa mara moja. Zikigusana zote zikiwa kali, mpaka wake unachezacheza, na mgeni anachoka kutazama bila kujua kwa nini. Ndiyo maana kadi za harusi ya Zuhura zisiwe na maandishi mekundu juu ya buluu. Yawe ya krimu. Halafu mchapaji aangalie vipimo vyake vya wino: asilimia 100 ya saiyani (buluu mpauko) na 100 ya majenta (waridi kali) inatoka zambarau kwenye karatasi, hata kama kwenye kompyuta inakudanganya kuwa ni buluu. Majenta ibaki kwenye 60 hivi, na kukoza akukozee kwa nyeusi.

Chukua shuka la Kimasai la mirabaraba nyekundu na buluu, lisogeze karibu na uso. Viraba si viwili, ni vitatu: chekundu tupu, cha buluu tupu, na kile ambacho nyuzi za buluu zimepishana na nyekundu, chenye rangi kama ya zambarau iliyochujuka. Hicho cha tatu ndicho mpatanishi. Sebule yako nayo inamtaka wake, awe krimu, mbao ya mninga au mkeka wa ukindu usiotiwa rangi.

Mkeka nausisitiza kwa sababu ya sakafu yako. Ile rangi yake ya oksaidi nyekundu inaelekea kwenye tofali, ina unjano ndani yake, na damu ya mzee ya kile kitambaa ulichonitumia inaelekea kwenye zambarau. Viweke jirani uone: sakafu itaonekana chafu na kitambaa kitaonekana kimefubaa. Tandika mkeka mpana hadi kubaki shubiri moja pembeni, ugomvi umekwisha.

Kuta sasa. Nyumba za mawe na chokaa za huko kwenu Bagamoyo zinapumua. Unyevu na chumvi vinatoka nje kupitia ukutani. Ukipaka rangi ya plastiki unaziba njia, chumvi inasukuma kwa nyuma, rangi inabanduka, na juu ya buluu iliyokoza kila doa jeupe litaonekana toka mlangoni. Ukitaka lazima ukuta mmoja uwe wa buluu, changanya poda ya rangi kwenye chokaa yenyewe, isizidi kilo 1 kwa kilo 10 za chokaa. Ikizidi inaacha vumbi kwenye nguo za watu. Poda iwe ultramarini. Ile buluu ya Prusia inaharibiwa na chokaa. Na ujue utapata buluu ya mchana tu, maana chokaa inaipausha. Ile ya usiku ipeleke kwenye mbao za madirisha na kwenye vitambaa. Mimi kuta ningeziacha nyeupe.

Kwa vipimo, sehemu sita nyeupe na krimu, tatu buluu, moja nyekundu. Mapazia yawe ya buluu, nyekundu iishie kwenye mito minne ya kochi. Madirisha yako yanatazama bahari, jua la asubuhi linaingia moja kwa moja, na pazia jekundu huko litachujuka kwa mistari, pale penye mikunjo. Hata hilo la buluu litie bitana ya marekani. Upana wa kitambaa uwe mara mbili ya dirisha: dirisha la mita 1.2, kitambaa mita 2.4, la sivyo pazia litaning'inia kama shuka kwenye kamba.

Usiamue kitu dukani. Chini ya taa ya njano ya 2700K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), buluu ya usiku inakuwa nyeusi. Chini ya nyeupe ya 6500K, damu ya mzee inakufa. Nunua ya 4000K, kisha tazama vipande vyako mchana na usiku.

Sare za harusi: gauni la damu ya mzee na mtandio wa buluu, katikati utepe wa dhahabu wa vidole viwili. Kisutu cha bibi harusi kiacheni na nyekundu, nyeupe na nyeusi yake, msikiongezee buluu. Vitambaa vyote vikatwe kwenye jora moja, kwa sababu jora la pili laweza kutofautiana kidogo na fundi hatakwambia. Kabla ya kushona, sugua upindo kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Hicho cheupe kikitoka chekundu, kitambaa cha gauni kifue peke yake kwa maji ya moto na sabuni, suuza mpaka maji yatoke meupe, wala usikiloweke. Chumvi na siki havisaidii. Ile inayotoka ni rangi iliyozidi ambayo haikushika uzi, dawa yake ni kuitoa yote.

Nitumie urefu wa kochi na picha ya sakafu iliyopigwa saa sita mchana, nikukadirie mkeka.

Wako,
Shoga yako wa Tanga