Msiwanyang'anye wakimbiaji wetu muhogo

Ndugu Mhariri,

Tangu mkimbiaji wetu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo mwaka 2025, vijana wa hapa Shangani wamefufua mbio za alfajiri. Huenda Mikindani na kurudi, karibu kilomita 20, na mjukuu wangu yumo. Nilifundisha sayansikimu miaka 31 kabla ya kustaafu, kwa hiyo chakula chao hakinipiti hivihivi.

Mwezi uliopita alikuja mtu wa mazoezi akawaambia waache wanga kabisa: ugali, wali, muhogo, hata ming'oko, vile viazi pori vyetu. Badala yake wale mafuta, mwili uzoee kuyachoma. Na huku kwetu korosho haikosekani ndani! Wiki ya pili mjukuu wangu aliishiwa nguvu njiani akirudi. Nilimkuta amekaa chini ya mkorosho, chumvi imemkaukia usoni, mikono inatetemeka, mfukoni ana kifuko cha korosho alichokula nusu. Nikamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo. Baada ya robo saa akaweza kusimama, tukapanda bajaji.

Korosho sina ugomvi nayo, imenisomeshea watoto. Lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9 na ya wanga ina 4, ndiyo maana watu hudhani mafuta ndiyo nguvu zaidi. Tatizo ni kwamba yanachomwa taratibu na yanataka oksijeni nyingi. Ukikimbia polepole yanakusaidia sana. Ukiongeza kasi, misuli inadai wanga, na akiba yake mwilini inamtosha mkimbiaji kama saa moja na nusu hadi mbili. Simbu alikaa barabarani karibu saa 2 na dakika 10.

Kijana wa kilo 55 anayefanya mazoezi ya saa moja au mbili kila siku anahitaji wanga usiopungua gramu 330 hivi. Nusu kilo ya muhogo wa kuchemsha inampa karibu 180. Siku ya mapumziko apunguze.

Wapo pia wanaoyakwepa mafuta, hasa mabinti wanaoogopa kunenepa. Hao nao nawaonea huruma. Vitamini A, D, E na K hazifyonzwi vizuri bila mafuta, na binti anayekula kidogo kuliko anavyokimbia huweza kukosa siku zake miezi na miezi, mifupa nayo ikadhoofika.

Nyumbani kwangu sasa jioni ni ugali wa muhogo na samaki wa nazi. Alfajiri, saa nzima kabla ya kutoka, vipande vya muhogo na chai ya sukari, bila nazi wala vya kukaanga, maana mafuta hukawia tumboni. Korosho anazikuta mezani akirudi.

Yule bwana wa mazoezi, kama anasoma gazeti hili, namwomba arudi Shangani awaambie vijana mwenyewe. Wenzake mjukuu wangu bado wanamsikiliza yeye kuliko mimi.

Mwalimu mstaafu,
Shangani, Mtwara