Tapu ikivunjikia ndani ya hedi, weka drili chini

Ni nadra wiki kuisha hapa karakana kwetu Kariobangi Light Industries kabla mtu hajaingia na silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, iliyofungwa kwa gunia. Kisa huwa kile kile. Bolti ilikatika, fundi akaitoa vizuri tu, akaanza kusafisha thredi, ile mifereji ya skrubu ndani ya tundu, kwa tapu, kifaa chenye meno cha kukatia mifereji hiyo, nayo tapu ikavunjikia humo humo. Matatu iliyotarajiwa barabarani alasiri inalala gereji.

Tapu kuvunjika si kosa kubwa. Huvunjika hata mikononi mwa fundi hodari. Kosa ni kushika drili baada ya hapo. Tapu imetengenezwa kwa chuma kigumu sawa na cha drili yenyewe, kwa hiyo ncha haiingii. Inateleza, inakimbilia chuma laini cha hedi, na tundu linapinda. Kwa hedi ya alumini uharibifu huo ni wa dakika chache. Tindo nayo huipasua tapu iwe vipande vinavyojikaza zaidi.

Sisi huitoa kwa cheche za umeme. Hedi tunaifunga ndani ya tangi la mashine na kuizamisha katika mafuta maalum yasiyopitisha umeme. Kisha tunashusha elektrodi, kijiti cha shaba nyekundu kilicho chembamba kuliko kiini cha tapu. Kijiti hakigusi chuma. Husimama karibu mno, pengo likiwa sehemu ndogo tu ya milimita, mpaka umeme unapoyashinda mafuta na kuruka. Pale unapotua, joto hupita nyuzi 8,000 za Selsiasi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na chembe ya chuma huyeyuka na kurushwa. Mafuta yanaizoa, umeme unakatika, cheche nyingine inaruka. Maelfu kwa sekunde moja. Ukisimama kando utasikia mlio kama wa vitunguu vikikaangwa.

Ugumu wa chuma hauzuii kazi hii, mradi kipitishe umeme. Hata kabaidi, ile mata ngumu sana ya ncha za zana za kukatia, ambayo drili ya kawaida haiikwaruzi, huliwa. Na kwa kuwa hakuna kinachosukuma wala kubana, hedi haipindi. Tunakula kiini cha tapu peke yake. Meno ya pembeni yakikosa pa kushikilia, tunayatoa kwa kibano, na thredi zinabaki kama zilivyokuwa.

Asili ya kazi hii hunigusa kila ninapowasha mashine. Mwaka 1943, katika Muungano wa Kisovieti, mume na mke wanasayansi, Boris na Natalya Lazarenko, walikuwa wakitafuta namna ya kuzuia cheche zisile ncha za tangsteni za swichi za umeme. Walipozizamisha katika mafuta waligundua kwamba ulaji ule unaweza kuongozwa. Adui waliyetumwa kumzuia wakamfanya mfanyakazi.

Mashine hii ni ya polepole, na nakuomba usije ukitarajia kusubiri ukiwa umesimama. Bei tunaikadiria kwa kina cha tundu na saa za mashine. Stima ikipotea katikati, tunapima upya mahali pa elektrodi kabla ya kuendelea, kwa sababu hatukubali kubahatisha na hedi ya mtu. Plastiki na kaure hatuwezi, maana hazipitishi umeme. Wenye moldi na dai, yaani vifaa vya chuma vya kufinyangia na kukatia bidhaa, wajue pia kwamba cheche huacha juu ya chuma utando mwembamba, mgumu, wenye nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Lazima uondolewe kwa kusuguliwa, la sivyo dai itaanza kupasukia hapo. Usuguaji huo tunauandika kwenye makadirio tangu mwanzo.

Ukipatwa na shida hii, usiichomelee nati juu wala usiigonge. Isafishe hedi grisi na masizi, uilete jinsi ilivyo. Kama imeshachimbwa, tueleze ukweli wote. Hatukulaumu, ila tunahitaji kujua tundu limekimbilia upande gani. Uje pia na bolti nzima ya saizi ile ile, tuijaribu kwenye thredi hedi ikiwa bado imefungwa mezani.