Mwinyi, nipitie Kirinyaga Road

Kwako Mwinyi,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, watoto wazima, joto ndilo hilo hilo. Kwa nini nimenyamaza muda wote huu, Mama Zuhura ameshakueleza, namjua, kwa hivyo niingie kwenye shida yangu.

Ni lile lori la mjomba wake Kombo. Kila likipakia bandarini, likifika mlima wa Mazeras linachemsha. Tukafungua rejeta. Wallahi kilichotoka kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na chini ya karai ukatuama unga wa kutu pamoja na magamba meupe, ukiyasugua vidoleni yanakwaruza. Mzee alikuwa akijazia maji ya kisima, haya haya yetu ya chumvi! Na alivyoniapia pale barazani kwamba lori halijaguswa...

Tumesafisha mpaka maji yakatoka meupe, tumetia kulanti mpya, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Lakini kutu iliyoshika ndani ya bloku haitoki yote siku moja. Itazidi kubanduka kidogo kidogo, itafune sili ya pampu, izibe mirija ya rejeta. Ndiyo maana nataka kufunga filta ya kulanti. Injini nyingi kubwa za Cummins na Caterpillar zimekuja nayo toka kiwandani. Hili la mzee halina.

Fundi wangu hataki kusikia. Asema filta ikiziba, injini itakosa maji. Nimemweleza hadi koo limekauka: haikai kwenye njia kuu! Unachota maji kidogo upande wa msukumo wa pampu, yanapita kwenye filta, yanarudi upande pampu inakovutia. Mengine yote yaendelea na safari yake. Ikiziba, kinachokoma ni kuchuja tu. Akanyamaza, kisha akaniletea mpira wa kumwagilia maua ati ndio tufungie. Kulanti ya moto, tena yenye shinikizo! Nilicheka kwa hasira.

Njia rahisi ni hosi za hita ya kebini, na nani Mombasa atalilia hita? Ila lazima tuchote kabla ya koki ya hita, kwa kuwa hiyo imefungwa siku zote na filta ingebaki pambo.

Sasa nakuomba upite Kirinyaga Road, kwenye maduka ya spea hapo Nairobi, unitafutie kichwa cha filta, yaani kikalio cha kuikazia filta, chenye bano la kufungia kwenye chesi, koki mbili, moja kila upande, nibadilishe filta bila kumwaga kulanti yote, na filta zenyewe mbili. Ya kwanza itajaa upesi. Na tafadhali, ziwe filta tupu, zisizo na dawa. Zile zenye dawa ni za kulanti ya zamani, kulinda laina za silinda zisitobolewe na vipovu vinavyopasuka ukutani mwake. Kulanti niliyotia ni ya muda mrefu, ina kinga yake, na dawa ikizidi huganda humo humo ikaziba kile tunachotaka kuzibua. Muuzaji atakwambia zote ni sawa. Usimsikilize.

Hata Marekani wenye Ford za injini ya dizeli ya Power Stroke lita 6.0, za 2003 hadi 2007, wengi walijifungia filta kama hii wenyewe, kwa sababu ya mchanga wa kalibu uliobaki ndani ya bloku ukaziba kipoza oili. Nilimwambia fundi hilo pia. Akaniuliza kama Marekani kuna Mazeras.

Hebu niambie, wewe uliyekaa na Caterpillar kule machimboni: mlikuwa mkibadilisha filta kwa saa za injini au mkiangalia tu? Nyuzi za kukazia filta kichwani zafanana kwa kila filta, au nichague filta kwanza? Bei zikoje sasa huko? Kombo aja Ijumaa kwa SGR au amebadili tena? Umpe yeye mzigo, ila usimwambie ni wa lori la mjomba wake, hawajazungumza tangu ile arusi. Na jeki yangu, Mwinyi, bado waitumia?

Nduguyo,
Salim